Kabla Hujamsifia Mwenzio Riwaya

Mama mmoja ameniandikia kumlalamikia wifi yake. Binti yake wa miaka 17 alikwenda likizo kwa shangazi, akarudi na mfuko wa riwaya nne za Kiingereza, zile za mapenzi ya zamani, zenye watu wa magauni ya kuburuza na magari ya farasi. Mbili ni za Barbara Cartland, moja ya Julia Quinn, na ya nne haina jalada. Jalada liling'oka siku nyingi, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza pameandikwa kwa wino namba ya kitanda cha bwenini. Mama aliifungua hiyo ya nne katikati, akasoma kurasa mbili, akaifunga. Sasa vitabu vyote viko juu ya kabati, binti amenuna, wifi anasema amevunjiwa heshima mbele ya mtoto, na mimi naulizwa nani mwenye makosa.

Nilimwomba anitajie majina ya wahusika wa kile kisicho na jalada. Akajibu: Heather na Brandon. Hapo nikauelewa ugomvi wote.

Ni The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss, iliyotoka Marekani mwaka 1972. Kwa waliofuatilia riwaya za aina hii, ndicho kitabu kilichobadili mchezo mzima. Kabla yake, wapenzi wakiingia chumbani mlango hufungwa na msomaji akabaki ukumbini. Woodiwiss aliuacha wazi, na kitabu kikanunuliwa kwa mamilioni. Shida ni namna alivyouacha wazi. Heather ni yatima anayekimbia mtu aliyetaka kumdhulumu, anaangukia mikononi mwa nahodha Brandon, nahodha anamdhania malaya, na anamwingilia kwa nguvu huku msichana akikataa. Msichana anapata mimba, wanaozwa kwa shinikizo, na kurasa zote zinazofuata zina kazi moja: kumfanya msomaji ampende yule nahodha. Hadithi inaanzia Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Hata huko, hata wakati huo, kubaka kulikuwa kosa la kunyongwa.

Shangazi hakumpa mtoto kitabu hicho kwa nia mbaya. Waliolala bwenini wanajua kitabu cha namna hiyo kilivyosomwa. Kinafunikwa kwa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita ili mwalimu wa zamu adhani ni daftari, kinapachuliwa mapande matatu ili watatu wasome usiku mmoja kwa tochi chini ya shuka, na aliyeangukiwa na pande la mwisho anaamka asubuhi akijua kila kitu, huku mwenye pande la kwanza akimkataza asifungue mdomo. Mtu akisoma hivyo akiwa na miaka 16, kinachobaki kichwani baada ya miaka thelathini ni vicheko, hofu ya matroni, na sura ya nahodha. Kile kitendo cha kurasa za mwanzo kimeshafutika. Anapomwambia mpwa wake "kizuri sana, utakipenda", hadanganyi. Anausifia ujana wake, akidhani anasifia kitabu.

Basi dada zangu, na kaka mnaosoma kwa kujificha, kitabu ulichokisoma zamani kisome tena kabla hujakitoa mkononi, ama walau kipekue. Umri wako umebadilika, na anayekipokea si wewe wa wakati ule.

Anayesifia kitabu ni mshenga. Kwetu mshenga hatumwi kwa sababu ana ulimi mtamu. Anatumwa kwa sababu pande zote mbili zinamwamini. Akiulizwa kama kijana anakunywa, naye anajua anakunywa, hana ruhusa ya kujibu kwamba kijana ni mchapakazi. Ndoa ikiharibika, watu hawaendi kwanza kwa bwana harusi, wanakwenda kwa aliyekuja na barua ya posa. Na mshenga mwema hatangazi barazani aibu za kijana wa watu. Anamwambia anayehusika, kwa kiasi kinachomhusu, kabla mahari haijapokewa.

Wapo wanaokataa kusema chochote kuhusu kitabu kwa hoja kwamba wataharibu utamu. Kwa riwaya za upelelezi nawaelewa. Kwa riwaya za mapenzi hoja hiyo haina miguu, kwa kuwa mwisho wake unajulikana hata kabla ya kununua: wawili watapatana, na watapatana kwa furaha. Ndiyo sharti la aina hii ya vitabu, na msomaji wake hukasirika kikweli akipewa kitabu kilichovunja sharti hilo. Kwa hiyo unaweza kumweleza mtu kila kinachomhusu, iwe ni kuna ukatili, kuna chuki ya rangi au mlango wa chumba umeachwa wazi kiasi gani, na usimwibie chochote cha raha yake.

Chukua Georgette Heyer, Mwingereza aliyefariki mwaka 1974. Kama kuna mtu wa kushukuriwa au kulaumiwa kwa wingi wa riwaya za kipindi cha Regensi, ni yeye. Regensi ni ile miaka ya 1811 hadi 1820, mfalme George III alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Heyer alijaza madaftari habari za mavazi, bei za vitu, aina za magari ya farasi na misemo ya mitaani ya wakati ule, na An Infamous Army, ya mwaka 1937, inaieleza vita ya Waterloo kwa umakini wa mwanahistoria. Mimi nampenda sana. Ucheshi wake ni wa chini kwa chini, na wapenzi wake mara nyingi hufika ukurasa wa mwisho ndipo wabusiane. Ungedhani ni mwandishi wa kumpa yeyote bila neno. Lakini katika The Grand Sophy, ya mwaka 1950, Sophy anakwenda kwa Myahudi mkopeshaji pesa, na mtu yule amechorwa kwa chuki ile ile kongwe ya Ulaya: mchafu, mlafi, wa kutisha. Kitabu hicho kilitoka miaka mitano baada ya vita iliyoonyesha dunia nzima chuki hiyo inaishia wapi. Bado nakisifia, na kila ninapokisifia naitaja sura hiyo. Aliyeambiwa anaifikia akiwa macho. Asiyeambiwa huenda akakwazika na kukilaani kitabu kizima. Au, na hili ndilo baya zaidi, huenda akaipita bila kukwazika hata kidogo.

The Duke and I ya Julia Quinn, iliyotoka mwaka 2000, vijana wengi waliitafuta baada ya tamthilia ya Bridgerton kuanza Netflix Desemba 2020. Humo, Daphne anamwendea mumewe, mume akiwa amelewa, na kumtumia apate mimba, akijua fika mume hataki mtoto. Wasomaji wamebishana sana juu ya ukurasa huo, na mabishano yenyewe yana faida kuliko ukurasa. Kijana wa kiume akikisoma kitabu hicho, ni nafasi nzuri ya kumwambia jambo ambalo hatuwaambii wavulana wetu: kwamba hata "sitaki" ya mwanamume ni "sitaki".

Mama aliyeniandikia ameona zile mbili za Cartland hazina neno, kwa kuwa msichana wa Cartland hubaki bikira mpaka harusi. Hapo tunatofautiana kidogo. Barbara Cartland alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 98, ameacha vitabu zaidi ya 700, vingi vikiwa vya karne ya 19, ambavyo alivitunga amejilaza kwenye kochi akimtajia katibu aandike. Chumbani hatuingii naye, ni kweli. Lakini tazama anachokirudia kitabu baada ya kitabu: msichana mdogo, fukara, asiyejua lolote la dunia, anachaguliwa na mwanamume tajiri aliyemzidi umri na anayejua kila kitu, na ujinga wake ndio unaohesabiwa kuwa uzuri wake. Mimi nina mashaka na somo hilo kuliko nilivyo na mashaka na busu. Katika mji wenye wanaume wa makamo wanaosubiri nje ya mageti ya shule na magari yenye vioo vyeusi, somo hilo lina wateja. Sisemi Cartland afungiwe kabatini. Nasema asipewe cheti cha usafi kwa kuwa tu watu wake wamevaa nguo.

Kisha kuna historia yenyewe, ambayo wasifiaji huipita mbio. Katika riwaya hizi kila mtaa una duke, ni kijana, ni mzuri wa sura na ana meno yote. Kwa kweli, waliokuwa na cheo hicho Uingereza nzima wakati wa Regensi hawakufika arobaini, na wengi walikuwa wazee. Huo ni utani wa kusameheka. Usiosameheka ni ukimya juu ya fedha. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yake uliendelea, na sheria ya kuufuta ikapitishwa mwaka 1833. Yaani dansi zote za Regensi, kila mshumaa na kila kitambaa cha hariri, zilichezwa wakati watu wa asili yetu wakivunwa nguvu zao kwenye mashamba ya miwa Jamaica, Barbados na Antigua. Ulipofutwa, serikali ililipa fidia ya pauni milioni 20. Waliolipwa ni wenye watumwa. Watumwa hawakupewa hata senti, na wengi walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale mpaka mwaka 1838. Jane Austen, aliyeishi kipindi hicho hicho, ameugusa utumwa katika Mansfield Park ya mwaka 1814, ambamo mwenye nyumba ana mali Antigua. Waandishi wengi wa leo, wenye maktaba na mitandao yote, hawagusi kabisa.

Msomaji wa huku hana sababu ya kuwa mgeni wa swali hili. Aliyesoma Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi haoni kasri bila kujiuliza nani anachota maji na nani anavuna karafuu. Swali hilo hilo tulivuke nalo bahari. Ukimpa mtu riwaya ya duke mwenye pato la maelfu kwa mwaka, mwambie tu: ukifika anapotaja mali yake, uliza inatoka wapi. Hatapungukiwa na raha, na pengine ataongeza.

Na sheria za ndoa pia. Mpaka ulipofika mwaka 1857, kuivunja ndoa kabisa Uingereza, mtu akawa huru kuoa au kuolewa tena, kulihitaji sheria maalumu ya Bunge, jambo la matajiri wachache. Mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882, mali ya mwanamke ilikuwa mikononi mwa mumewe tangu siku ya ndoa, na wakati wa Regensi watoto walikuwa wa baba. Kwa hiyo bwana wa riwaya anapopiga goti na kumwambia mpenzi wake kwamba vyote alivyo navyo ni vyake, ukweli wa kisheria ulikuwa kinyume chake. Nikijua hivyo, namwona shujaa wa kike anayesitasita mbele ya posa nzuri kuwa mtu mwenye akili timamu, wala si mwenye maringo.

Kwa wanaotaka mapenzi na historia vikae chumba kimoja bila kudanganyana, mimi huwatajia Beverly Jenkins, Mmarekani mweusi. Katika Indigo, ya mwaka 1996, Hester ni mwanamke huru anayeishi Michigan, mikono yake imebaki na rangi ya buluu kutokana na kazi ya nili aliyofanyishwa utotoni akiwa mtumwa. Nyumba yake ni kituo cha siri cha kuwapitishia watoro wa utumwa, na usiku mmoja analetewa mwanamume aliyepigwa vibaya, ambaye naye kazi yake ni kuwatorosha watu. Mapenzi yanaanzia kwenye kuuguza. Mlango wa chumba uko wazi, kwa hiyo hiki nacho nakitolea tahadhari yake. Lakini hakuna ukurasa ambao mwandishi ameona aibu kusema nani aliteseka, na ana desturi ya kuwatajia wasomaji vitabu vya historia alivyovitegemea. Hiyo ni adabu ambayo ningependa wengine waige.

Kwa Kiswahili sina haja ya kwenda mbali. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ni ya Unguja ya miaka ya hamsini: Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa akiwa bado msichana mdogo kwa mume wa umri wa baba yake, anatoroka, anapokewa na Mwanajuma uswahilini, na anampenda Denge, kijana wa harakati ambaye wakoloni hawampi usingizi. Vijana wengi wameisoma kwa ajili ya mtihani, ndiyo maana hawakuionja. Filamu yake, iliyotengenezwa mwaka 2021 na Amil Shivji, imewarudisha wengine kwenye kitabu. Ukiisifia, sema wazi kwamba ni hadithi ya mapenzi yanayovutwa huku na huku na siasa, na kwamba asitegemee harusi ya kupigiwa vigelegele kati ya hao wawili.

Kwa sababu hiyo hiyo huwa nakereka mtu anaponiambia kumbukumbu za Sayyida Salme ni "riwaya tamu ya mapenzi". Si riwaya, kwanza. Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844, akapendana na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866 akiwa mjamzito, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867. Ukiishia hapo ni utamu mtupu. Lakini mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akamwachia watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi, na maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya kuhangaika na fedha na kudai urithi kwao. Kitabu chake, kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, hakizungumzii sana mapenzi, na sehemu yake inautetea utumwa wa Kiarabu. Ni kitabu kikubwa, kisomwe. Ila kisipelekwe kwa mtu kwa jina lisilo lake.

Nimesema sana juu ya wanaosifia. Wanaosifiwa vitabu nao wana adabu yao, na wanaodharau zaidi. Kumcheka mtu mzima anayesoma riwaya za mapenzi ni ushamba, hasa anapocheka mtu anayemaliza saa mbili kila Jumamosi kutazama wanaume ishirini na wawili wakifukuzana na mpira. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akitaka kitabu ambacho anajua kitaisha vizuri, ana haki yake. Vilevile, ukiazimwa rudisha, na usipachue. Na yale mafaili ya vitabu vizima yanayorushwa kwenye makundi ya simu, huku mwandishi yu hai na kitabu kinauzwa, ni mali ya mtu. Mama mwenye duka la mitumba akimkuta mteja anatoka na gauni bila kulipa haiti hiyo "kushea".

Sasa nirudi kwa mawifi. Mama, hukukosea kushtuka, ulikosea kuhukumu vinne kwa kurasa mbili za kimoja. Kile kisicho na jalada mrudishie wifi yako wewe mwenyewe, faragha, mtoto asiwepo, na umwonyeshe ukurasa. Usimwambie amekuharibia mtoto. Mwambie akisome. Nina hakika ataona haya bila kusaidiwa. Cartland mrudishie binti, na muulize huyo msichana wa kitabuni angefanya kazi gani kama yule bwana asingetokea. Cha Quinn kisomeni wote watatu. Shangazi ana nafasi ambayo mama hana: kwetu kuna mambo ambayo binti huyasema kwa shangazi tu, na wakikutana ndani ya kitabu yatasemwa kwa urahisi zaidi kuliko kwa kumkalisha kitako na kumhubiria.

Wifi naye asiache kugawa vitabu. Atoe, na atoe na neno lake: hiki kina hili na hili, ukichoka kiache. Kisha amwache mtoto. Hakuna kumpigia kila jioni kumuuliza amefika wapi, na kama ameshampenda yule duke. Akikirudisha kabla ya kumaliza, akipokee, amuulize aliishia sura ya ngapi, na amwekee chai.